Maji Yamekwenda Wapi? Utangulizi wa Uchunguzi wa Gari Linalochemsha

Huenda umefika hapa kwa sababu una gari la zamani lililokuchosha: asubuhi unalijazia maji, jioni yamepungua, kesho hivyo hivyo. Huenda wewe ni kijana uliyeanza kushika spana juzi katika gereji ya Kasulu au Kibondo, na mzee wa gereji amekuachia Land Cruiser akakwambia tu, "Mwanangu, hili linachemsha, litazame." Au huna gari wala huendi gereji, ila uliwahi kukaa kando ya barabara ya Nyakanazi ukisubiri injini ipoe, ukajiuliza ndani ya boneti ile inayofuka kuna nini hasa. Nyote mna nafasi hapa. Somo hili halidai hisabati nzito wala vyombo vya gharama. Linadai macho, subira, na swali moja ambalo nitalirudia mpaka ulizoee: maji yamekwenda wapi?

Nianze kwa kuondoa dhana moja iliyoenea. Madereva wengi wanaamini kwamba gari likishazeeka ni kawaida yake "kunywa maji", na kwamba dumu la lita tano nyuma ya kiti ni sehemu ya gari kama lilivyo tairi la akiba. Sivyo. Dizeli huchomwa, kwa hiyo lazima iongezwe. Maji ya rejeta hayachomwi. Yanazunguka ndani ya njia iliyofungwa, na yale yaliyowekwa mwezi uliopita ndiyo yanayopaswa kuwamo leo. Yakipungua, yametoka, na yametokea mahali ambapo mtu anaweza kupaonyesha kwa kidole. Hilo linahusu gari la mwaka 1985 sawasawa na lile lililoshuka melini jana.

Sasa tujenge msingi.

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, yaani tundu la duara ambamo pistoni hupanda na kushuka, joto la moto wake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini ingekuwa donge la chuma ndani ya muda mfupi kama joto lile lisingeondolewa. Kwa hesabu ya mkato, theluthi moja ya joto la mafuta hugeuka kuwa nguvu ya kusukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na theluthi ya mwisho hubaki kwenye vyuma. Kazi yote ya mfumo wa kupoza injini ni kuichukua theluthi hiyo ya mwisho na kuikabidhi kwa hewa.

Injini ya boti pale Ujiji ina bahati: huvuta maji ya Ziwa Tanganyika, huyapitisha kwenye vyuma, huyarudisha ziwani, na ziwa halina habari. Gari linalopanda kutoka Kigoma kwenda Kasulu halina ziwa. Lina lita chache tu, na lazima lizitumie tena na tena. Mafundi wa mwanzo walihangaika sana na jambo hili. Gari la magurudumu matatu la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilipoza injini kwa kuacha maji yachemke na kupotea hewani, hivyo dereva alikuwa mtu wa kutafuta maji njia nzima. Ufumbuzi mkubwa ulitoka kwa Wilhelm Maybach katika gari la Mercedes la nguvu-farasi 35, lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900. Alitengeneza rejeta yenye vijibomba vidogo 8,070, ili maji machache yakutane na hewa nyingi kwa wakati mmoja. Rejeta ya Hiace unayoiona stendi ya Kasulu bado inafuata wazo hilohilo: gawa maji katika njia nyembamba nyingi, kisha upepo upite katikati.

Fuata njia ya maji nami. Tuanzie kwenye pampu ya maji, ambayo huzungushwa na mkanda upande wa mbele wa injini. Pampu huyasukuma maji ndani ya bloku, lile pande kubwa la chuma lenye silinda. Kutoka hapo hupanda kwenye hedi, yaani kifuniko kizito cha juu ya bloku chenye vali. Kati ya hedi na bloku kuna bamba jembamba la kuziba liitwalo gasketi ya hedi. Likumbuke, kwa sababu tutakutana nalo tena. Yakishapata moto, maji hukuta mlango unaojifungua wenyewe kwa joto, themostati, ambayo kwa injini nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 88. Mlango ukiwa umefungwa, maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Ukifunguka, hupita mpira wa juu, huingia rejeta, hushuka yakipozwa na upepo wa mwendo na wa feni, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini. Kuna pia njia ya pembeni inayopeleka maji ya moto kwenye hita, kile kirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Watu wa Dar es Salaam wanaweza kuishi bila kujua kwamba gari lao lina hita. Mtu aliyewahi kusafiri alfajiri ya Juni vilimani Kasulu anaijua thamani yake, na fundi anayeisahau huzunguka gari siku nzima akitafuta mvujo uliomo chini ya zulia.

Hapa nakuomba usimame kidogo, kwa maana tunaingia kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha somo, hasa kwa sisi wa nyanda hizi za juu.

Umesoma shuleni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ni kweli pwani. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji kutoka juu hupungua, nayo huchemka mapema zaidi. Kwa makadirio, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi moja. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu. Kibondo, kwenye mita 1,500 hivi, ni karibu nyuzi 95. Ndiyo sababu mama wa Kibondo huyapa maharage yake muda mrefu kidogo jikoni kuliko dada yake wa Ujiji, hata kama gunia ni moja. Sasa linganisha na injini: joto la kawaida la maji yake likiwa kazini ni kati ya nyuzi 85 na 95, na kwenye mlima mrefu huku imebeba mzigo linaweza kupita 100. Maana yake, kama mfumo ungekuwa wazi, maji yangechemka Kibondo wakati injini ikiwa katika hali yake ya kawaida kabisa.

Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Kitu kidogo, bei yake ndogo, na watu hukidharau. Ndani yake kuna springi inayobana mfuniko mpaka shinikizo, yaani nguvu ya kusukuma ya maji na mvuke, lifikie kiwango fulani. Tazama juu ya kifuniko utaona namba kama 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kiwango chenyewe, kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko kizima cha 0.9 huinua kiwango cha kuchemka hapa Kibondo kutoka nyuzi 95 hadi karibu 115. Hizo nyuzi 20 ndizo zinazolipandisha gari mlima. Kifuniko kikichoka, springi ikalegea au raba yake ikakatika, gari ambalo lingejikongoja bila kelele kwenye tambarare za pwani litachemsha huku juu, na mwenye gari ataambiwa anunue rejeta mpya.

Kifuniko kina vali ya pili, ndogo, katikati. Injini ikipoa, maji husinyaa na kuacha ombwe. Vali hiyo hufunguka na kuyavuta tena maji yaliyokuwa yamesukumwa kwenye chupa ya akiba. Ukikuta asubuhi mpira wa juu umebonyea na chupa imejaa, vali hiyo imeziba, na umeshalijua tatizo kabla hujagusa spana.

Ukielewa kwamba mfumo huu ni chombo chenye shinikizo, mambo mengi yaliyokuwa ya ajabu yanakuwa wazi. Kwa nini gari linavuja likiwa safarini na halivuji likisimama? Kwa sababu tobo ni dogo mno kupitisha maji bila kusukumwa. Kwa nini mengine huvuja asubuhi tu, kabla injini haijapata moto? Kwa sababu vyuma na klipu vikipoa husinyaa na kuacha upenyo, kisha vikipata moto hutanuka na kuziba. Na kwa nini kila fundi mwenye akili atakukataza kufungua rejeta ya moto? Maji yaliyozuiliwa kuchemka kwenye nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoondoka, na maji yakiwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Hayataomba ruhusa ya uso wako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuutoa mkono, funika kwa kitambaa kinene, zungusha robo, ngoja, ndipo umalizie.

Sasa twende kwenye uchunguzi.

Magari mengi ya zamani katika eneo letu ni yale ya kazi. Tangu miaka ya 1990 mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi za Nyarugusu, upande wa Kasulu, na Nduta, upande wa Kibondo, yametumia Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao Toyota waliutoa mwaka 1984. Nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza mwaka 1990. Zikishachoka huuzwa, na mikononi mwa wafanyabiashara wa mahindi na maharage huanza maisha mapya. Ni magari mazuri mno. Lakini mpira wake mmoja unaweza kuwa na umri wa miaka ishirini, na barabara za changarawe zimeitikisa rejeta mpaka mikono inayoishikilia imepata nyufa.

Barabara hizohizo zimetupa chombo cha uchunguzi ambacho mafundi wa mijini hawana: vumbi jekundu. Mwenye gari anayekuja kwako amelikosha vizuri kwa heshima ya fundi amekupotezea ushahidi. Gari likija na vumbi lake, inama chini na tochi kabla hujagusa chochote. Vumbi kavu huwa na rangi moja, ya kufifia. Mahali maji yalipopita pamekuwa peusi au pameganda tope gumu, na mara nyingi kuna mfereji mwembamba uliosafishwa kabisa hadi rangi ya chuma. Fuata mfereji huo kwenda juu na kwenda mbele. Juu kwa sababu maji hushuka, mbele kwa sababu upepo wa mwendo huyasukuma nyuma. Tone unaloliona kwenye giaboksi huenda limeanzia kwenye pampu. Mahali pa juu kabisa penye unyevu ndipo penye asili yake, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii.

Kama gari lilikuwa na dawa ya rejeta, ambayo wengi huiita kulanti, utaona pia alama za rangi, kijani au nyekundu, na ukoko mweupe pale maji yalipokauka yakaacha chumvi zake. Penye maji matupu utaona kutu. Vyote ni barua iliyoandikwa na mvujo wenyewe.

Anza na mipira, kwa kuwa ndiyo rahisi. Ibonye gari likiwa la baridi. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Uliooza huwa laini kupita kiasi, na mwingine hulia kwa ndani kama unaokatika. Ulioungua huwa mgumu na huonyesha nyufa kwenye kingo za klipu. Usidanganyike na klipu iliyokazwa sana, kwani aliyeikaza mno huenda ndiye aliyeukata mpira. Kisha tazama rejeta: maungio ya tangi la juu na la chini, na uso wake wa mbele. Mbegu za nyasi na vumbi vikijaa kati ya mapezi, hewa haipiti, na gari litachemsha hata bila kuvuja tone. Zioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje.

Pampu ya maji ina namna yake ya kusema. Chini ya shingo yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kiwandani. Ndani ya pampu kuna sili, yaani kizuizi kinachotenganisha maji na beringi. Sili ikichoka, maji hutokea kwenye kitundu hicho badala ya kuharibu beringi kimyakimya. Wapo wanaokiziba kwa gundi ya chuma wakidhani wamepona. Wamemnyamazisha shahidi, na pampu itakatika njiani. Shika puli ya pampu uitikise: ikicheza, pampu imekwisha.

Bado kuna mahali ambapo wengi hawapajui. Kwenye mbavu za bloku kuna vizibo vya duara vya bati, vyenye upana wa sentimita chache, vinavyofunika matundu yaliyoachwa wakati wa kusubu chuma. Injini iliyotumia maji matupu kwa miaka huvila vizibo hivi kwa kutu kuanzia ndani, na kimojawapo kinaweza kujificha nyuma ya stata au ekzosi, kikatoa mvuke tu usioacha tone. Na hita niliyokutajia: zulia la mbele likiwa na unyevu, vioo vikipata ukungu wenye harufu tamutamu, acha boneti, rudi ndani ya gari.

Ukishindwa kuona kwa macho, saidia maji yajionyeshe. Gereji kubwa zina pampu maalumu ya kupima shinikizo la rejeta. Mahali penye baiskeli nyingi kama kwetu, fundi hodari hutengeneza yake: huchukua kifuniko chakavu, hutoa springi na vali zake, hutoboa katikati na kufunga vali ya tyubu ya baiskeli, huweka raba nzima ya kuzibia, kisha huubana ule mpira mdogo unaokwenda chupa ya akiba. Injini ikiwa ya baridi na rejeta imejaa, hupiga pampu ya mkono taratibu huku akipima kwa geji ya tairi. Kifuniko cha 0.9 ni sawa na takriban 13 kwa namba za geji ya tairi. Usizidishe, rejeta ya zamani haitakusamehe. Acha dakika kumi na usikilize. Namba ikibaki palepale, nje hakuvuji. Ikishuka, zunguka na tochi: tone litakuwa limejitokeza, na wewe umesimama penye injini baridi, bila mvuke wala feni ya kukukata vidole. Katika vipimo vyote vya kazi hii, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine, kwa sababu humaliza ubishi.

Namba ikishuka na hakuna tone popote, ndipo tunaingia sehemu ngumu. Maji yanaishia ndani ya injini.

Kumbuka gasketi ya hedi. Inatenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, maji, na oili. Injini ikichemshwa sana, hedi hujipinda kidogo, au hupata ufa, na ukuta huo hupenya. Maji yakiingia kwenye oili, kijiti cha kupimia oili au kifuniko chake hutoka na utelezi wa rangi ya chai ya maziwa. Angalizo: utelezi kidogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa ni unyevu wa asubuhi kwa gari la safari fupifupi, hivyo amini kijiti kuliko kifuniko. Maji yakiingia silinda, ekzosi hutoa moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, na asubuhi huenda injini ikakataa kuzunguka kwa sababu maji hayashindiliki, usilazimishe stata. Njia ya tatu ni kinyume: gesi ya moto huingia kwenye maji. Washa injini ya baridi kifuniko kikiwa wazi, utaona mapovu yasiyokoma. Au funga kifuniko, washa, na baada ya dakika moja ushike mpira wa juu. Maji bado ni ya baridi, mpira umeshakuwa mgumu. Shinikizo hilo halikutokana na joto, kwa hiyo limetoka silinda.

Hapo hedi lazima ishuke. Sitakufundisha kazi hiyo katika utangulizi, ila nikupe vitu viwili vya kumdai fundi. Kwanza, uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibamba vya kupimia nafasi. Injini nyingi hazikubali kupinda kuzidi sehemu moja ya kumi ya milimita au juu yake kidogo, na kitabu cha injini husika ndicho hakimu. Pili, boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Matengenezo ya nje ni mepesi, na sitakaa nayo sana. Mpira hubadilishwa, haufungwi kwa utepe wa tyubu ila kwa kufika nyumbani. Rejeta ya zamani ya shaba hukubali kuchomelewa kwa risasi, na wahunzi wazuri wa kazi hiyo wapo. Ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki haikubali risasi, ni ya kubadilishwa. Kifuniko nunua chenye namba ileile. Kuweka chenye namba kubwa ukidhani unaongeza nguvu ni kuhamishia mpasuko kwenye rejeta. Kuhusu manjano ya unga, ute wa yai na dawa za chupa za kuziba, ukweli ni kwamba huweza kuziba tobo dogo, na mtu aliyekwama usiku kati ya Kibondo na Kakonko asilaumiwe kwa kuvitumia. Ila haviwezi kuchagua. Vinaziba tobo, na vinaziba pia vijibomba vya rejeta na vya hita. Ukifika salama, safisha mfumo wote na utengeneze kilichovunjika.

Naomba pia nitetee themostati. Katika gereji nyingi, gari likichemsha jambo la kwanza ni kuing'oa na kuitupa. Ni kweli ikikwama imefungwa huchemsha gari. Basi itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni, uone kama inafunguka, na kama haifunguki nunua nyingine. Ukiiacha nje, injini hukaa baridi mno kwenye mteremko na asubuhi za vilimani, dizeli haiungui vizuri, oili huchafuka, silinda hulika. Kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo hufunga ile njia ya ndani, na bila yake sehemu ya maji huzunguka bila kupita rejeta kabisa. Hapo umeongeza joto ukidhani umelipunguza.

Sasa kujaza. Maji ya visima na mito hubeba chumvi na tope linaloacha ukoko ndani ya vijibomba. Nyanda zetu zina mvua nyingi tangu Novemba hadi Aprili: kinga maji ya bati lililokwisha kuoshwa na mvua za mwanzo, ni bora kwa rejeta kuliko maji ya bombani. Lakini hata maji safi yakiwa peke yake hula chuma. Changanya na dawa ya rejeta ya kweli, nusu kwa nusu, au kama chupa inavyoelekeza. Msingi wake ni kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Nchi za barafu huitumia kuzuia maji kuganda. Sisi tunaitaka kwa kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Ni sumu, na ladha yake ni tamu, hivyo usiiache kwenye beseni mbele ya mtoto, mbwa au mbuzi, wala usiimwage mtaroni.

Adui wa mwisho ni hewa. Ikibaki mfukoni ndani ya hedi, sehemu ile haina maji, na huungua. Egesha gari pua ikitazama mlima, na mahali pa kufanya hivyo hakuna shida huku kwetu. Fungua hita hadi mwisho. Jaza polepole, washa bila kifuniko, bonyabonya mpira wa juu, ongeza kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka themostati ifunguke na mpira wa chini upate joto. Ndipo ufunge. Na usiiamini geji ya dashibodi peke yake: kifaa chake hupima maji yanayokigusa, na maji yakiisha kinabaki hewani, sindano ikashuka wakati injini inaungua. Dereva anayeona sindano imeshuka ghafla katikati ya mlima asimame, asishangilie.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko utazame usawa wa maji, kisha uandike kwenye daftari pamoja na namba ya kilomita. Mara ya kwanza utaukuta umeshuka kidogo kwa sababu ya hewa iliyobaki kutoka. Ongeza, kiasi cha kikombe. Nenda hadi kijiji cha Makere urudi, ukiwa na mzigo. Usawa ukiwa palepale asubuhi ya pili na ya tatu, mshushie mwenye gari lile dumu la lita tano. Ukiwa umeshuka tena na chini ni kukavu, rudi kwenye kijiti cha oili na mpira wa juu, anza upya kutoka hapo.